Ng'ombe Wangu Hana Ugonjwa

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vibaya. Majira ametupa mimba.

Majira ni ng'ombe wetu, tena wa pekee. Nilimpa jina hilo kwa sababu mimi ni fundi saa, na yeye hulia kutaka kukamuliwa alfajiri kwa wakati uleule, bila kutiwa ufunguo. Ndama alikuwa bado miezi miwili azaliwe. Nimemkuta mama yake zizini, mkia juu, kwato mbili ndogo zinachungulia. Sikuita mtu. Nimevuta kwa mikono mitupu. Katoka mfu. Kondo la nyuma likagoma, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kulifuata. Nina mkato kidoleni, wa kioo cha saa ya mteja, ukawasha balaa. Nimenawa maji ya baridi na kujifutia kwenye suruali.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Alhamisi daktari wa mifugo anakuja kupima maziwa ya mtaa mzima. Anatafuta brusela. Ni ugonjwa wa vijidudu unaofanya ng'ombe watupe mimba, na kwenye mkutano uliopita alisema unahama kutoka kwa mnyama kuja kwa mtu, kupitia maziwa mabichi na uchafu wa uzazi. Ng'ombe akikutwa nao huondolewa. Hilo ni neno la ofisini. Maana yake ni lori, halafu machinjio.

Nimezika kila kitu nyuma ya zizi. Shimo fupi, mgongo wangu si wa kuchimba. Nyumbani nimesema lile tumbo la Majira lilikuwa gesi tu. Mke wangu akauliza, gesi ya miezi saba? Nikasema zipo. Akanitazama vile anavyonitazama ninapomwahidi mteja kwamba saa yake itakuwa tayari kesho.

Binti yetu hakusikia. Amekuja kujifungulia kwetu, mume wake yuko safarini kikazi. Kila asubuhi nampelekea kikombe cha maziwa chenye povu, moja kwa moja kutoka chuchuni. Mke wangu huchemsha ya kwake. Mimi husema moto unaua nguvu. Leo pia nimempelekea. Angekosa kikombe angeuliza kwa nini.

Jumanne, 5 Machi

Mbwa amefukua shimo.

Si mbwa wetu. Ni wa Bwana Usafi, jirani yetu, karani mstaafu anayemwogesha ng'ombe wake kwa sabuni na brashi na kumpangusa kwato kwa kitambaa. Nimemwona mbwa anapita chini ya ua na kitu kirefu kinachoburuta. Nikamfukuza mpaka uani kwao. Bwana Usafi akatoka na kandambili zinazong'aa, akataka kujua namkimbizia nini mbwa wake. Nikasema nafanya mazoezi, madaktari wanashauri. Akasema vizuri, lakini nifanyie upande wangu. Nyuma yake mbwa akakiburuta kile kitu hadi chini ya hori la ng'ombe wake, akalala juu yake na kuanza kula.

Nimerudi nyumbani bila kugeuka. Kama sikuona, sikuona.

Linalonikera zaidi ni geti lake. Daktari wa mifugo ameahidi kila atakayefaulu atapigiliwa bati la kijani, maandishi meupe: MAZIWA SALAMA. Bwana Usafi ameshatoboa matundu ya misumari. Ameshapaka rangi sehemu ya bati. Bati lenyewe hana bado.

Jumatano, 6 Machi

Sijala. Kila gari likipita nadhani ni lori.

Mchana, nikiwa na lenzi jichoni juu ya saa ya mwalimu, wazo likaja. Daktari anasema moto unaua vijidudu vya brusela. Basi nikimpa maziwa yaliyochemshwa, atapima kitu gani? Maiti! Nikacheka peke yangu mpaka parafujo ikaanguka, na sijaiona tena.

Nitachemsha chupa moja, ya daktari tu. Kuchemsha ya nyumba nzima ni kuharibu maziwa.

Alhamisi, 7 Machi

Tulipanga foleni kwenye kituo cha maziwa, kila mtu na chupa yake. Daktari wa mifugo ni msichana wa umri wa binti yangu, buti za mpira hadi magotini, sauti ya upole. Anamwaga maziwa kwenye kijichupa chembamba, anatia tone la dawa ya zambarau, anasubiri. Pete ya zambarau ikijikusanya juu kwenye malai, yale mafuta yanayoelea, ng'ombe ana kesi.

Chupa ya Bwana Usafi haikutoa pete. Akashukuru kama mtu aliyezoea.

Zamu yangu ikafika. Daktari akainua chupa kwenye mwanga. Akanusa. Akachovya kijiti, kikatoka na utando. Akasema, mzee, haya maziwa yamechemshwa. Watu wote wakanigeukia. Nikajua nimekalia kuti kavu.

Mdomo ukasema wenyewe. Nikamwambia kwetu, daktari, maziwa mabichi hayavuki mlango. Mke wangu akikamua, sufuria iko motoni. Tumezoea hivyo, sikufikiria kama ungeyataka mabichi.

Nilitegemea anicheke. Machozi yakamlengalenga! Akawaambia wote kwamba amezunguka mitaa mingi akiomba watu wachemshe maziwa na leo kakutana na mzee anayechemsha bila kusukumwa. Akaomba wanipigie makofi. Wakapiga. Bwana Usafi alipiga kwa vidole viwili.

Kisha, taratibu, akasema maziwa yaliyochemshwa hayapimiki, kwa hiyo atakuja kumtoa Majira damu. Tarehe ishirini na tisa. Makofi yakaniishia masikioni. Damu haichemshiki.

Jumapili, 10 Machi

Nimehutubia. Daktari aliniomba niwaeleze majirani jinsi familia yangu inavyochemsha. Nilisimama mbele ya kituo na kueleza mapovu yanavyopanda, unavyokoroga, unavyoacha yachemke kidogo zaidi. Nilisema kikombe kibichi ni kamari na roho ya mtoto. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mama mmoja alifuta macho. Binti yangu alikuwa mbele kabisa, mkono tumboni, anatabasamu kwa fahari. Mke wangu alikuwa nyuma kabisa.

Daktari akanipa bati. Mengine hayajatoka kwa mchoraji, akaona la kwanza liende kwa mfano wa kuigwa. Nimelipigilia mwenyewe. Bwana Usafi alikuja kuliangalia, akasema limekaa upande. Halijakaa upande.

Njiani kurudi binti aliniuliza kama basi yale ya asubuhi ninayompa yako sawa, mbona yana povu. Nikamwambia Majira ameshapimwa, amefaulu, bati hilo hapo. Akaridhika. Amezoea kuniamini tangu mdogo.

Kuhutubia kunakausha koo. Nilipofika nilikunywa kopo zima, la vuguvugu, zizini.

Alhamisi, 21 Machi

Naumwa.

Homa inakuja jioni, inaondoka asubuhi kama mpangaji. Shuka linaloa jasho mpaka mke wangu analikamua. Mgongo, nyonga, magoti, kila kiungo kina malalamiko yake. Mkono wangu hautulii, na fundi saa asiye na mkono uliotulia aende akauze maandazi. Nimeivunja saa ya mwalimu kabisa. Nimemwambia imezeeka.

Mke wangu anasema niende zahanati. Nasema ni mafua ya kawaida. Anauliza mafua gani hayana kamasi.

Ninajua ni nini. Nimekuwa nikilizunguka neno hilo tangu juzi, nikilipita kwa mbali. Naogopa nikiliandika litaingia ndani na kukaa.

Jumamosi, 23 Machi

Kumevimba mahali ambapo hata shajara hii haitaambiwa. Natembea kama mtu aliyeshuka kwenye farasi. Bwana Usafi aliniona nikipita akauliza kama bado nafanya mazoezi.

Sitaki kufa. Nimeyasema kwa sauti zizini, hakuna aliyesikia isipokuwa Majira. Yeye alikuwa anatafuna.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekwenda zahanati. Muuguzi ni mama mnene mwenye macho yasiyokosa kitu. Akanitoa damu, akanikalisha benchi. Akarudi na karatasi na kuniuliza kama nafuga. Nikasema mimi ni fundi saa. Si uongo. Akatazama buti zangu, zina samadi. Akauliza nakunywa maziwa ya wapi. Nikasema ya dukani, ya pakiti. Akaandika muda mrefu.

Ni brusela. Akalitaja tu hivihivi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Akaeleza dawa, na mimi sikuwa namsikiliza, nilikuwa nawaza kama yeye na daktari wa mifugo wanajuana, kama wanakaa ofisi moja, kama wanakula pamoja mchana. Niliyoyanasa ni haya: vidonge vya njano, kapsuli nyekundu, wiki sita, usikatishe hata ukijisikia mzima. Na kwamba kila aliyekunywa maziwa niliyokunywa mimi aje apimwe, hasa mjamzito. Aliposema mjamzito alinikazia macho. Nikasema kwetu hakuna.

Nikatoka nje. Nikakaa ukutani. Binti yangu angekuwa na mafua ningemkimbizia daktari. Lakini nikimpeleka, watajua. Wakijua, lori. Majira akienda, nini kinabaki? Saa nne mbovu na bati.

Nyumbani nimesema ni dawa za viungo. Asubuhi ya leo sikumpelekea binti kikombe. Akaja kukichukua mwenyewe. Nimeshindwa kumzuia, ningemwambia nini?

Jumanne, 26 Machi

Ninakufa. Safari hii ni kweli.

Asubuhi nimekwenda msalani nikakojoa damu. Si tone, ni mkojo wote, rangi ya kutu! Nilishika ukuta. Nikatoka, jasho la kwapani nalo limeacha doa la machungwa kwenye fulana. Nikalia, na machozi yenyewe nikaona kama yana rangi. Natoka damu kila tundu.

Nilijilaza. Nikachukua karatasi nikaandika wosia. Bisibisi ndogo zimwendee mkwe wangu, ingawa hana mikono ya kazi. Lenzi azikwe nayo mwenye mali. Majira abaki kwa mke wangu, na Bwana Usafi asiruhusiwe kumnunua kwa bei yoyote. Nikamwita mke wangu nimuage. Nikamwomba msamaha kwa jumla, bila kuingia kwenye mambo binafsi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaenda kwenye koti langu, akatoa kikaratasi cha zahanati, akakisoma. Akasema imeandikwa hapa: kapsuli nyekundu hubadilisha rangi ya mkojo, jasho na machozi, mgonjwa asishtuke. Akakiweka kifuani pangu na kwenda kuosha vyombo.

Lakini alipofika mlangoni alisimama. Akauliza dawa za viungo ndizo zinafanya hivyo siku hizi. Nikasema teknolojia.

Jumatano, 27 Machi

Homa imelegea kidogo. Akili imerudi, na imerudi na wazo.

Mimi nina ugonjwa wa Majira. Dawa inaniponya. Basi dawa hiyohiyo itamponya Majira! Sijui kwa nini wataalamu wamesoma miaka yote bila kuliona. Daktari anakuja kesho kutwa kutoa damu. Nikimpa dawa leo na kesho, Ijumaa damu itakuwa safi kama maji ya chupa. Hakuna lori. Binti naye atakuwa anakunywa maziwa yenye dawa ndani, atapona bila kujua aliumwa. Nimetibu nyumba nzima kwa pakiti moja.

Nimegawa. Njano zangu, nyekundu zake, kwa sababu yeye ni mkubwa na nyekundu zinaonekana kali zaidi. Nimezichanganya kwenye pumba na molasi. Amezila kwa pupa, huku kapsuli zikipasuka mdomoni. Nimeziongeza nyingine jioni. Amelamba hori.

Leo, kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa mwezi, nimekula nikashiba.

Alhamisi, 28 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimpa Majira dozi ya mwisho, nikaenda kulala. Nikaamshwa na sauti ya Bwana Usafi. Alikuwa amepanda juu ya tofali kuchungulia zizi langu, anapiga kelele mtaa mzima usikie kwamba ng'ombe wa fundi anatoka damu puani na mdomoni. Akataja kimeta. Nilipotoka, watu walishajaa barabarani, na wote walikuwa wanarudi nyuma.

Majira alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Pua nyekundu. Midomo myekundu. Ute mwekundu unaning'inia kidevuni. Hata mimi niliyejua nilitishika.

Daktari wa mifugo alifika mbio, akavaa glavu mbili mbili na barakoa. Sauti ya upole haikuwepo. Akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akatuamuru sote wa nyumba hii tubaki ndani ya kamba, tusiguse chochote. Akaeleza kwa sauti ya wote: kama ni kimeta, ng'ombe huyu haguswi, hachinjwi, hapasuliwi. Atachomwa hapohapo na udongo utachomwa naye. Vijidudu vyake hukaa ardhini miaka na miaka. Na kila aliyemgusa au kunywa maziwa yake anaweza kufa. Nilichomoa kitambaa changu kumfuta Majira pua kabla daktari hajamsogelea. Daktari akanikemea kama mtoto, nikakirudisha.

Binti alitokea mlango wa jikoni. Alikuwa na kikombe mkononi na povu kwenye mdomo wa juu.

Daktari akamwona. Akamuuliza kama ameyachemsha. Binti akasema hapana, baba alisema Majira alipimwa akafaulu. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetoa anwani ya nyumbani. Kisha akaweka kikombe chini polepole, akashika tumbo kwa mikono yote miwili, akauliza kama na mtoto pia. Mke wangu alikwenda kumshika. Hakunitazama.

Sasa niandike kitu ambacho sitamwambia mtu. Nilipiga hesabu. Nikinyamaza, Majira atachomwa, na siri yote itachomwa naye. Hakuna damu itakayopimwa. Hakuna atakayejua kuhusu ndama, mbwa, chupa, wala hotuba. Nitakuwa mtu aliyepatwa na kimeta, na mtu wa kimeta huonewa huruma. Nilinyamaza. Naogopa nikikumbuka muda nilionyamaza.

Binti akasema mtoto hajacheza tangu asubuhi. Alisema kwa sauti ndogo, kwa mama yake tu. Uso wake niliujua, ndio aliokuwa nao siku alipopotea sokoni akiwa mdogo, na mimi ndiye niliyemkuta. Nikatoa pakiti mfukoni, nikapasua kapsuli kwenye kiganja, nikatema mate juu yake. Kiganja kikawa chekundu. Nikasema si damu. Nikasema ni dawa yangu, nimempa mimi.

Daktari alichukua kapsuli nyingine, akaipasulia kwenye glavu yake, akalowesha. Akaenda kwa Majira, akampangusa pua kwa pamba, chini ya wekundu kulikuwa na pua ya kawaida. Akampima joto. Akavua barakoa na kusema si kimeta. Watu barabarani wakashusha pumzi. Bwana Usafi akashuka kwenye tofali kama aliyedhulumiwa.

Halafu daktari akageuza pakiti na kusoma. Akasoma tena. Akaniuliza dawa hizi natibiwa nini, mzee.

Nimemwambia. Nimemwambia yote hadi shimo. Isipokuwa mbwa.

Hakunifokea, na ingekuwa afadhali anifokee. Alisema tu kwamba binti aende zahanati sasa hivi, kwa gari lake, na kwamba brusela inafanya kwa mwanamke kile ilichomfanyia Majira.

Jumamosi, 30 Machi

Binti anayo.

Tulikaa kwenye benchi la zahanati juzi mchana kutwa, mke wangu kati yetu. Muuguzi aliponiona alisema karibu, mnywaji wa pakiti. Akamlaza binti, akaweka kipembe cha mbao cha kusikilizia mtoto juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akahamisha. Akasikiliza. Akahamisha tena. Nimefungua saa zilizokufa maisha yangu yote na kuziweka sikioni, najua ukimya wa kitu kisichopiga ukoje. Nilitaka kumpokonya kile kipembe nisikilize mwenyewe.

Akasema moyo unapiga. Mtoto yupo, kalala tu, kama babu yake.

Nimelia mbele za watu. Machozi meupe safari hii, sijameza nyekundu.

Binti amepewa dawa zinazofaa mjamzito. Atazimeza hadi karibu na kujifungua, na kila wiki atasikilizwa. Muuguzi amesema hatari bado ipo. Mimi nimeongezewa nyekundu mpya, pamoja na maneno ambayo mtu mzima hapaswi kuambiwa: dawa niliyoivunja katikati inaweza kuwafundisha vijidudu kuizoea. Mke wangu ni mzima. Amepimwa, hana kitu. Amesema sentensi moja tangu juzi. Amesema, mimi nilikuwa nachemsha.

Binti ameniambia hana kinyongo. Hilo limenichoma kuliko yote.

Jumatano, 3 Aprili

Lori limekuja.

Majira alipanda bila ubishi. Alidhani anakwenda kukamuliwa. Nilimkuna nyuma ya sikio mpaka dereva akapiga honi. Daktari aling'oa bati langu mwenyewe, akanipa misumari.

Lori halikuondoka. Likasogea hadi geti la pili. Damu ya ng'ombe wa Bwana Usafi imepimwa nayo, na imekutwa. Maziwa yake yalikuwa safi mwanzoni mwa mwezi, kwa hiyo ameambukizwa baada ya hapo, na daktari anajiuliza ni kwa njia gani. Bwana Usafi naye anajiuliza. Alisimama barabarani na brashi mkononi, anasema kwamba ng'ombe wake anaoga kila siku, daktari, kila siku. Mbwa wake alikuwa amekaa pembeni, amenona.

Kwa kitambo kidogo nilifurahi. Halafu nikamwona anafuta miwani na kushindwa kuivaa. Nikaingia ndani. Siwezi kumwambia. Nikimwambia itabidi nihame mtaa.

Jumapili, 28 Aprili

Habari njema tupu.

Binti anaendelea vizuri. Mtoto anacheza mpaka kikombe alichokiweka juu ya tumbo kinatikisika. Bado wiki chache. Muuguzi bado ana wasiwasi, lakini wauguzi wameumbwa hivyo. Mimi nimepona kabisa, natembea kama kijana, hakuna uvimbe. Kwa hiyo dawa nimeacha. Zimebaki nyingi, nimezifungia kwenye kopo la vioo vya saa. Kutupa dawa nzima ni dhambi.

Na tuna maziwa tena! Jana nilikwenda mnadani kuangalia tu. Kuna bwana alikuwa na mbuzi jike, chuchu zimejaa, bei ya kuokota. Wanunuzi wote walikuwa wanampita. Nikauliza kulikoni. Akasema kwa uaminifu kwamba mbuzi huyu ana kasoro ndogo, ametupa mimba mbili mfululizo. Wajinga wale! Mbuzi asiye na mtoto wa kunyonyesha si ndio maziwa yote ni yako?

Tangazo alilobandika daktari kwenye geti langu linasema nisifuge ng'ombe mpaka atakaponiruhusu. Nimelisoma mara nyingi. Mbuzi hajatajwa popote.

Nimemficha stoo, nyuma ya saa za ukutani. Mke wangu akauliza harufu hii ni ya nini, nikasema ni grisi. Binti amekondakonda na dawa zile, anahitaji nguvu kabla ya siku yake. Atachukia nikimpa kikombe, kwa hiyo nitamtilia kwenye uji. Uji ukishapoa, bila shaka, ili moto usiharibu.

Wala si kwamba napuuza mambo. Mbuzi ataanza dawa kesho, zile nyekundu, kwenye pumba. Nimekaa na kutafakari yote yaliyotokea kwa Majira, hatua kwa hatua, kama fundi, na kosa nimeliona. Sikumpangusa mdomo.